Majani yale yale, mlima ule ule: kwa nini chini yameliwa na juu yamebaki mazima?

Mtembea_Juu

Habari zenu ndugu. Nina jambo limenikaa kichwani karibu mwaka mzima, na najua humu wamo watu wa udongo na wadudu, kwa hiyo naomba msaada.

Kuna njia ya msitu wa mlimani ninayoipanda mara kwa mara. Inaanzia kama mita 1,500 kwenye miti mirefu yenye majani mapana, inapanda hadi mita 2,700 hivi, mahali ambapo mawingu yamekalia miti karibu kila siku na kila tawi limeota ndevu za kijani zinazodondosha maji. Kule chini ukikwangua majani kwa kiatu, baada ya tabaka moja au mawili unakutana na udongo mweusi. Juu mguu unadidimia. Siku moja nilipiga magoti nikaingiza mkono: vidole vikapita majani makavu, vikapita majani yaliyolowa na kushikana, vikafika kwenye kitu cha kahawia kama sifongo, kimefumwa na vimizizi vyembamba. Mkono ulizama hadi juu ya kifundo na udongo wenyewe sikuugusa.

Nikaamua kupima. Niliokota majani ya aina moja ya mti wa chini, yaliyoanguka siku hizo hizo, nikayaanika kivulini mpaka yakawa yanavunjika, nikapima gramu 10 kwa kila kifuko. Vifuko vilikuwa 16. Nane ni vya wavu wenye matundu ya milimita 5, nane ni vya kitambaa laini cha kuchujia ambacho hata mdudu mdogo unayemwona kwa macho hapiti. Nikaweka nusu chini na nusu juu, vyote vimelala ardhini na kubanwa kwa vijiti, mwanzoni mwa mvua. Nikavirudia baada ya miezi sita.

Vifuko vya wavu vya chini vilinishangaza. Ndani palibaki vikonyo, mishipa ya katikati ya majani iliyo wazi kama mifupa ya samaki, na punje nyeusi nyingi. Vifuko vya kitambaa vya hapo hapo, sentimita ishirini pembeni: majani yamekuwa meusi, yamelegea, lakini ni mazima. Unaweza kuyahesabu.

Juu, kifuko cha wavu na cha kitambaa vilikuwa karibu sawa. Majani mazima kote. Na kifuko kimoja cha wavu, baada ya kukikausha, kilipima gramu 11 na nukta nne. Nilianza na 10! Nimepima mara tatu kwa mizani ile ile.

Jambo moja zaidi. Usiku wa siku niliyovitoa vya chini nililala pale pembeni ya msitu, nikazunguka na tochi. Nilimkuta jongoo mweusi mwenye miguu ya rangi ya machungwa amelalia ukingo wa jani lililolowa, anakula. Nilizima tochi kubwa nikabaki na ile ndogo, nikasogeza uso. Anakula nyama ya jani, akifika kwenye mshipa anauruka anaanza upande wa pili. Na ukitulia unasikia: mkwaruzo mdogo, kama ukucha juu ya karatasi. Nyuma yake punje moja ikadondoka, ina umbo la pipa, inang'aa kwa unyevu. Ni zile zile nilizozikuta kwenye vifuko. Nilikaa hapo karibu saa nzima.

Maswali yangu: jongoo na wenzake wanafanya sehemu gani hasa ya kazi ya kuozesha? Kule juu tatizo ni baridi, au ni kwamba walaji hawapo? Na jani lililokufa linaongezekaje uzito?

---

Mama_Mboji

Hongera sana mwanangu. Nimefundisha biolojia miaka mingi na ni wachache niliowaona wakienda msituni na mizani.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu usipolimaliza litakuharibia majibu mengine yote. Jani halikuongezeka. Kilichoingia kifukoni ndicho kilichoongezeka. Mvua inapopiga ardhi inarusha tope, nyungunyungu wanapita na kuacha udongo wao humo, na ile mizizi myembamba uliyoigusa kule juu inatafuta chakula ndani ya majani yanayooza, kwa hiyo inapenya wavu na kuota ndani. Mizizi itoe kwa kibano, mmoja mmoja, ina maudhi lakini hakuna njia ya mkato. Udongo ni kazi nyingine. Ukisugua kwa brashi laini utapunguza, hutamaliza. Maabara huchoma sampuli ndogo kwenye tanuru, nyuzi kama 500 kwa saa kadhaa, mpaka kila kilicho hai au kilichowahi kuwa hai kiondoke. Mchanga na udongo wa madini hauungui. Ukilinganisha majivu hayo na majivu ya jani safi ambalo halikuwahi kwenda msituni, ziada ni udongo, unautoa kwenye hesabu. Usifanye hivyo jikoni, moto wake haufiki hapo kwa uhakika. Nenda chuo chochote chenye maabara ya udongo ukaombe nafasi kwenye tanuru.

Sasa huyo jongoo wako. Wengi wanadhani yeye ndiye anayeozesha. Sivyo. Jongoo anakula sana na kufaidi kidogo. Sehemu kubwa ya alichomeza inatoka nyuma. Kuoza kwenyewe, yaani kuvunja selulosi na lignini mpaka kaboni irudi hewani na nitrojeni irudi kwenye udongo, ni kazi ya kuvu na bakteria. Lignini hasa, ile inayoupa mti ugumu wake, ni kuvu inayoiweza.

Kazi ya jongoo ni kuwafungulia mlango. Jani limeumbwa lizuie wavamizi: ngozi ya nta juu, ngozi chini. Chukua mchemraba wa sentimita 1 kila upande. Nyuso zake kwa jumla ni sentimita 6 za mraba. Ukate vipande vya milimita 1, unapata vipande 1,000, na nyuso zake kwa jumla ni sentimita 60 za mraba. Ujazo ni ule ule, mahali pa kushambulia pameongezeka mara kumi. Na meno ya jongoo yanasaga zaidi ya hapo. Kisha kile kilichosagwa kinapita tumboni, mahali penye unyevu na bakteria tele, kinatoka kikiwa kimechanganywa vizuri. Punje uliyoiona inang'aa ilikuwa tayari ina kazi inaendelea ndani yake. Wapo majongoo wanaorudi kuzila tena punje zao.

Umeona pia kwamba alikuwa kwenye jani lililolowa? Jani likianguka leo, walio wengi hawaligusi. Mvua kwanza inasafisha sukari na zile tanini chungu, kuvu inaanza kutambaa na kulilainisha, ndipo jongoo anakuja. Wanapeana zamu: kuvu inamwandalia jongoo, jongoo naye anaiandalia kuvu.

Ila nakuonya kwa jambo moja. Kifuko chako cha wavu kinapima majani YALIYOTOKA kifukoni, hakipimi majani yaliyooza. Punje za jongoo zinapita kwenye tundu la milimita 5 bila shida, na zikishatoka wewe unaziandika kama zimeoza. Punje zikikauka na kugandamana zinaweza kukaa muda mrefu tu. Kwa hiyo usiseme "chini yameoza." Sema yamesagwa na kuondoka, na kiasi fulani kimeoza.

Njia uliyotumia ina historia. Mwaka 1963 C. A. Edwards na G. W. Heath walichapisha jaribio la namna hiyo Uingereza: vipande vya mviringo vya majani ya mwaloni na bichi, kwenye mifuko ya nailoni yenye matundu ya ukubwa tofauti, vikazikwa. Kwenye matundu ya milimita 7, ambapo hata nyungunyungu anaingia, vipande vilitoweka kama mara tatu ya kasi ya matundu ya nusu milimita. Na kwenye kitambaa kilichoruhusu kuvu na bakteria peke yao, vipande vilibaki vizima miezi mingi. Majani yako meusi yaliyolegea ambayo "unaweza kuyahesabu" ndiyo hayo hayo waliyoyaona wao.

---

Kuvu_Kwanza

Mama Mboji amesema kweli, nami sipingi hata moja kuhusu jongoo. Ila naona tunaelekea kumpa mdudu sifa zote za chini na kumlaumu kwa kila kitu cha juu. Tuangalie mlima wenyewe.

Kwa wastani joto linashuka karibu nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 unazopanda. Wewe umepanda mita 1,200. Hizo ni nyuzi kama 7 pungufu. Kuvu na bakteria wanafanya kazi kwa joto. Ukiwapunguzia nyuzi 7, hata mahali pasipo na mdudu hata mmoja, jani litaoza polepole zaidi. Ulinganishe vifuko vya kitambaa vya chini na vya juu, hivyo ndivyo vitakavyokuonyesha kazi ya baridi bila walaji. Hukutupa uzito wake.

Kisha maji. Mawingu yamekalia pale, majani yamelowa saa zote, na tabaka la chini linaweza kukosa hewa. Unyevu kiasi unaozesha. Maji yaliyojaa kila kitundu yanazuia, kwa sababu kuvu inahitaji oksijeni kama sisi.

Kisha jani lenyewe. Pasua jani la mti wa juu. Ni dogo, zito, gumu kama ngozi, limejengwa likae mtini muda mrefu. Nitrojeni yake ni kidogo, lignini na tanini ni nyingi. Hata ukilishusha bondeni kwenye majongoo mia, hawatalishangilia. Ile sifongo ya kahawia uliyoigusa imejengwa na majani ya aina hiyo, hayo uliyoweka kwenye vifuko ni wageni kule. Hapo ndipo naona udhaifu wa jaribio lako: umepeleka jani laini la chini mahali ambapo wadudu na kuvu wamezoea majani magumu. Mara nyingi jani huoza upesi zaidi chini ya mti wake wenyewe, kwa wenyeji wanaolijua.

Na kuhusu walaji: ndiyo, wakubwa wanapungua. Mchwa, ambao kwenye nchi za joto ni wafanyakazi wakubwa wa miti na majani makavu, wanatoweka kadiri unavyopanda. Siwezi kukumbuka mara ya mwisho niliyoona kichuguu kwenye msitu wa mawingu. Nyungunyungu wengine wapo juu, lakini udongo ukiwa mchachu sana wengi wanaukimbia.

Mdenmark mmoja, P. E. Müller, alieleza tofauti hii kwenye misitu ya kwao karne ya 19, miaka ya 1870 na 1880. Aliona sakafu za msitu za aina mbili. Moja majani yanatoweka na kuchanganyika na udongo, na ukichimba unakuta nyungunyungu. Ya pili majani yanalala kama blanketi juu ya udongo, tabaka juu ya tabaka, limeshikwa na nyuzi za kuvu, na mpaka kati ya blanketi na udongo unaonekana wazi. Wewe umepanda kutoka ya kwanza hadi ya pili kwa mguu siku moja.

Halafu kitambaa chako cha kuchujia kinashika maji kuliko wavu. Sehemu ya tofauti uliyoiona inaweza kutoka hapo.

Wakikushauri utumie pakiti za chai, kuwa mwangalifu. Tangu 2013 kuna mpango wa kuzika pakiti za chai ya kijani na za rooibos (chai nyekundu ya Afrika Kusini) sentimita 8 chini ya udongo kwa siku 90, watu wa kawaida wamefanya sehemu nyingi duniani, hata Kilimanjaro imefanyika. Ni njia nzuri kwa joto na unyevu. Lakini matundu ya pakiti zile za mwanzo yalikuwa robo ya milimita. Jongoo hawezi kuingia. Kwa swali lako la walaji hazitakujibu chochote.

---

Mtembea_Juu

Shikamoo Mama Mboji, na asante sana Kuvu_Kwanza. Nimeyasoma yote mara mbili kabla ya kujibu.

Vifuko vya kitambaa: vya chini vilibaki na gramu 6 na kitu, vya juu 7 na kitu. Tofauti ipo lakini si kubwa kama ile ya wavu. Kwa hiyo naelewa kwamba baridi inahusika, na walaji wanahusika, na kule chini walaji wamefanya tofauti kubwa kuliko nilivyodhani. Nimekosea?

Jumamosi nilipanda tena. Nilibeba shuka jeupe, nikatandika, nikapukutisha juu yake majani ya kule juu, konzi moja moja. Jongoo nilipata wawili tu, wadogo, wa aina nyingine kabisa, bapa. Nyungunyungu hakuna. Lakini shuka lilikuwa linatembea! Vitu vidogo kuliko kichwa cha pini, vyeupe na vya kijivu, ukivisogelea vinaruka. Vingine vya kahawia vya mviringo vinatembea polepole mno, vinang'aa kama vimepakwa vanishi. Na nyuzi nyeupe za urefu wa sentimita 1 hivi, nilidhani ni mizizi mpaka mmoja ukajikunja.

Hawa ni nani? Na kama ni wengi hivi, kwa nini majani bado ni mazima?

---

Hadubini

Hapa umefika kwenye ulimwengu wangu, niruhusu nijimwage kidogo.

Wanaoruka ni kolembola. Ukimpata mmoja kwenye kioo cha kukuzia, mgeuze: chini ya tumbo ana mkia wenye pacha mbili, umekunjwa kuelekea mbele na kushikwa na kijindoano. Akishtuka anauachia, unapiga ardhi, anarushwa hewani. Wengine wanaoishi ndani zaidi ya udongo hawana mkia huo, ni vipofu na weupe pe. Wale wa kahawia wa mviringo wanaong'aa ni utitiri wa majani, jamii moja na kupe kwa mbali, ila hawa hawanyonyi damu ya mtu, wanatafuna kuvu na majani yaliyolainika. Ngozi yao ni ngumu kama ganda. Na nyuzi zilizojikunja ni ndugu wadogo wa nyungunyungu, weupe, na wanastahimili baridi na udongo mchachu. Kwenye sehemu za juu zenye baridi ambako nyungunyungu wakubwa wameshindwa, mara nyingi ndio wanaobeba mzigo.

Mita moja ya mraba ya sakafu ya msitu inaweza kuwa na makumi ya maelfu ya kolembola na utitiri. Kwa hiyo kule juu walaji wapo. Wamebadilika ukubwa.

Mbona majani bado mazima? Kwa sababu hawa hawapasui jani kama jongoo. Kolembola wengi wanakula kuvu iliyo juu ya jani, kama mbuzi wanavyokula majani ya malisho. Wakiila kiasi, kuvu inachipua upya na kazi inakwenda mbele. Pia wanabeba mbegu zake tumboni na mwilini na kuzipeleka kwenye majani mengine. Wakiila kupita kiasi wanaidhoofisha, na jani linakawia. Na wanapokula wanarudisha nitrojeni kwenye udongo kwa mkojo na kinyesi, mizizi ikaichukua. Mabadiliko hayo mizani ya gramu haiyaoni. Jani linaweza kuonekana zima huku ndani limeshabadilika sana. Chukua moja la tabaka la pili, uliangalie dhidi ya jua. Utaona madirisha madogo ambayo ngozi ya chini imekwanguliwa ikabaki ya juu tu. Hiyo ni kazi yao.

Kuwapata wote, achana na shuka, wengi wamebaki kwenye konzi. Kata chupa kubwa ya plastiki, geuza sehemu ya juu iwe kama faneli, weka wavu ndani, majani yaliyolowa juu ya wavu, na chini ya mdomo wa chupa kopo lenye spiriti kidogo. Juu weka taa ya kawaida inayotoa joto kidogo. Majani yanakauka kuanzia juu, wadudu wanakimbilia chini kwenye unyevu na giza, wanadondoka koponi. Antonio Berlese wa Italia alitengeneza faneli ya joto mwaka 1905, baadaye Albert Tullgren wa Sweden akaweka taa, na mpaka leo tunafanya hivyo hivyo. Acha siku nne au tano, usiharakishe kwa taa kali. Ukikausha haraka wale wapole wanakufa njiani kabla hawajafika chini. Na wale weupe kama nyuzi hawatashuka vizuri kwa njia hii, wanataka faneli yenye maji ndani.

---

Reli_ya_Mlimani

Naongeza moja ili tusidhani mlimani ni nyumbani kwa wadogo tu. Milima ya katikati ya kisiwa cha Honshu, Japani, ina jongoo anayeitwa jongoo wa treni, Parafontaria laminata armigera. Mwaka 1920 walijitokeza wengi kiasi kwamba treni zilisimama, magurudumu yanateleza juu yao. Watafiti waliwafuatilia kuanzia miaka ya 1970 na mwaka 2021 wakathibitisha kwamba wana mzunguko wa miaka 8: wanajivua ngozi mara moja kwa mwaka, wote wa kundi moja kwa pamoja, mpaka wakomae.

Kwa swali letu, kinachonivuta ni chakula chao. Wakiwa wachanga wanakula udongo, miaka yote hiyo chini kwenye giza. Wakikomaa wanapanda juu na kula majani yaliyoanguka pamoja na udongo. Yaani sakafu ya msitu huo inaweza kukaa miaka bila mlaji mkubwa wa majani, kisha mwaka mmoja wakaja wote. Mtu angeweka vifuko vyake mwaka mbaya angeandika "hakuna walaji hapa."

---

Mama_Mboji

Marahaba mwanangu. Hapana, hukukosea. Gramu 6 dhidi ya 7 ni kazi ya baridi na maji kwa sehemu kubwa. Mifupa ya samaki ya kule chini ni kazi ya meno.

Nataka tu usije ukajaribiwa kupandisha nyungunyungu au majongoo kule juu ili "kuusaidia" msitu. Nimeulizwa swali hilo mara nyingi. Kaskazini ya Marekani kuna misitu ambayo barafu ya zamani iliifunika, ikayeyuka, na nyungunyungu wa asili hawakuwapo tena. Msitu ukajijenga juu ya blanketi nene la majani yanayooza polepole. Walipoletwa nyungunyungu wa Ulaya, wengine kwa udongo wa mimea na meli, wengine kama chambo cha wavuvi, wamelila blanketi lile mpaka udongo ukabaki wazi. Mimea midogo iliyokuwa ikiota ndani ya blanketi imepotea sehemu nyingi. Polepole haimaanishi vibaya. Ile sifongo yako ya kahawia inashika maji ya mawingu, na mizizi imeshaifanya nyumba.

Kuhusu nyungunyungu wenyewe nina heshima kubwa nao, usinielewe vibaya. Charles Darwin, miaka ya mwisho ya maisha yake, alikata pembetatu 303 za karatasi, akazipaka mafuta zisilowe, akawawekea nyungunyungu usiku aone watazivutaje shimoni. Nyingi zilivutwa kwa ile ncha nyembamba, kama wanavyovuta jani kwa upande unaopita kirahisi. Matokeo aliyachapisha 1881. Mnyama asiye na macho, na anachagua pa kushika.

---

Mtembea_Juu

Nimeelewa mama, sitapandisha mtu yeyote. Na Reli_ya_Mlimani, hilo la miaka 8 limenifanya nione kwamba kipindi kimoja cha miezi sita hakitoshi.

Mpango wangu mpya, naomba mnikosoe kabla mvua hazijaanza. Majani ya aina mbili, ya chini na ya juu, kila moja linakwenda sehemu zote mbili. Nitaacha kitambaa cha kuchujia, nitatumia wavu wa nailoni wa aina moja wenye matundu ya saizi tatu, ili kushika maji kusiwe tofauti sana. Chini ya kila kifuko cha matundu makubwa nitaweka sahani bapa ya kitambaa ili punje zikidondoka nizipime pembeni, nisiziandike kama zimeoza. Tanuru nimeshaahidiwa.

Hadubini, nilifanya ulivyosema. Nilichukua jani la tabaka la pili kutoka juu nikaliinua dhidi ya jua pale pale mlimani. Madirisha yapo. Kwenye jani moja la upana wa vidole viwili nimehesabu 43, mengine madogo kuliko nukta ya kalamu, na mwanga umepita kwenye kila moja. Miaka yote nimekuwa nikiyakanyaga nikiyaita mazima.

---

Kuvu_Kwanza

Mpango ni mzuri. Hiyo sahani itoboe chini, la sivyo maji yatatuama na punje zitaozea kwenye dimbwi. Na uongeze idadi ya vifuko: safari hii viwili vitaliwa na panya, vingine vitasombwa na mvua.